UZI: Unataka kujifundisha hisabati na fizikia ukubwani? Rudi kwanza kwenye hesabu za sehemu

waya_tatu:

Wakuu, salamu. Kuna swali naulizwa sana na mafundi wenzangu, hasa vijana wa sola: "Wewe si uliishia fomu foo, hizi hesabu umezitoa wapi?" Najibu hapa mara moja nipumzike. Anayetafuta njia ya mkato apite tu, humu haimo.

Mimi ni fundi umeme, majumbani na kwenye viwanda vidogo vidogo. Hesabu nilipata F, na sikuwa peke yangu darasani. Nilichokuja kukiona baada ya kurudi kwenye daftari ukubwani ni kwamba watu wazima wengi hatushindwi na fizikia. Tunashindwa na hesabu za darasa la sita na la saba, ila hakuna anayekwenda kukagua huko kwa sababu anaona aibu. Mtu anapakua vidio za Einstein, anaangalia mpaka bando linakata, anatikisa kichwa, kila kinachosemwa anakielewa. Sasa mpe kalamu. Mwambie rezista mbili, ya omu 4 na ya omu 6, zimefungwa sambamba, jumla yake ngapi? Kanuni anaijua: 1/R = 1/4 + 1/6. Anaandika 1/10. Au anapata 5/12 vizuri kabisa, halafu anasahau kuigeuza. Jibu ni omu 2.4. Huyu umeme haujamshinda hata kidogo, kilichomkwamisha ni kujumlisha sehemu.

Basi kabla hujapakua chochote, jipime. Weka simu mbali, chukua karatasi.

2/3 gawanya kwa 4/5.
10 − 3 + 2.
Kutoka P = I²R, iache I peke yake.
Kitu kinauzwa 59,000 na VAT ya asilimia 18 imo ndani. Kabla ya VAT kilikuwa bei gani?

Hilo la pili linaonekana la kitoto, lakini tuliokaririshwa MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa) wengi wetu hujumlisha kwanza kwa kuwa JU imetangulia TO, jibu linakuwa 5. Ni 9. Kujumlisha na kutoa ni ngazi moja, unatembea kutoka kushoto kwenda kulia, na kuzidisha na kugawanya ni hivyo hivyo. La mwisho ukijibu 48,380, maana yake umechukua asilimia 18 ya 59,000 ukaitoa. VAT haikukatwa kwenye 59,000, iliongezwa juu ya bei ya mwanzo. Gawanya 59,000 kwa 1.18 upate 50,000. Ukikosa mawili kati ya manne, anza na vitabu vya msingi na kidato cha kwanza, na usimwambie mtu kama unaona haya. Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandaoni, vitabu vya kiada unasoma bure. Ukifika kidato cha tatu hivi, ingia tovuti ya Khan Academy, na kwa fizikia vitabu vya OpenStax ni vya bure na havina ujanja ujanja.

Kuhusu namna ya kusoma: vidio ni mboga, maswali ndiyo ugali. Kitabu kikikupa mfano uliofanywa, funika jibu na karatasi, fanya mwenyewe, ukikwama funua mstari mmoja tu, funika tena. Kesho yake fanya mfano uleule bila kuangalia. Hapo ndipo utajua kama ulielewa au ulisoma tu kama gazeti.

Kichwa Ngumu:

Mkuu maneno mengi sana haya. Zitakuongezea wateja hizo hesabu? Mimi niko kwenye umeme miaka yote hii, sijawahi kutumia hizo saini na kosaini, na nyumba zinawaka.

waya_tatu:

Zinawaka taa au paa? Natania mkuu, usinune.

Nikupe kazi ya kawaida. Umeitwa kufunga pampu ya kisima, mita 40 kutoka kwenye bodi. Mteja keshanunua waya wa milimita za mraba 1.5 kwa sababu wa 2.5 kauona ghali. Wewe utamwambia "huu mdogo", yeye atasema fundi unataka kunila hela. Mpigie hesabu mbele yake. Ukinzani mahususi wa shaba ni 1.72 × 10⁻⁸. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo urefu si 40, ni 80. R = 1.72 × 10⁻⁸ × 80 ÷ (1.5 × 10⁻⁶). Vipeo ukivipanga sawa unapata omu 0.92. Pampu ikivuta ampia 10, volti 9 na ushee zinaishia njiani. Kwa waya wa 2.5 ni omu 0.55, zinapotea volti 5 na nusu.

"Volti tisa si kitu," atasema. Sawa. Ila mota inapoanza kuzunguka huvuta hata mara tano ya kawaida yake, na nyingine zaidi. Ampia 50 kwenye omu 0.92 ni volti 46. Kama jioni mtaani kwenu umeme umeshuka hadi 200, pampu inabakiwa na 150 na kitu. Inanguruma, haizunguki, na mota isiyozunguka inaendelea kuvuta ule mkondo mkubwa mpaka inaungua. Halafu angalia joto la waya: I²R, yaani mkondo mara mkondo mara ukinzani. Kwa ampia 10 ni wati 92, zimetawanyika kwenye waya mrefu, hutazisikia. Kwa ampia 50 ni wati 2,300, birika la umeme zima liko ndani ya waya wako. Mkondo umezidi mara tano, joto limezidi mara 25. Hicho kipeo cha pili kidogo pale juu ya I ndicho kinachounguza nyumba za watu.

Hakuna kalkulasi hapo, zile hesabu za kasi ya mabadiliko. Ni kuzidisha, kugawanya na vipeo hasi.

Kichwa Ngumu:

Bado sijashawishika na mambo ya saini. Ila hiyo ya pampu nimeihifadhi.

kijana_wa_bodi:

Shikamoo kaka. Mimi nipo chuo cha ufundi mwaka wa pili. Kwenye umeme wa njia tatu (fezi tatu) tunaambiwa tuzidishe volti kwa 1.732, nikiuliza kwa nini naambiwa ndivyo ilivyo. Hii namba inatoka wapi?

waya_tatu:

Marahaba mdogo wangu. Kichwa Ngumu naye asogee, saini zake zimefika.

Chukua rula na kipimapembe. Weka nukta katikati ya karatasi, hiyo ni nyutro. Kutoka hapo chora mistari mitatu, kila mmoja sentimita 4.6, na kati ya mmoja na mwingine kuwe na nyuzi 120. Tumekubaliana sentimita 2 ni volti 100, kwa hiyo kila mstari ni volti 230, kutoka nyutro hadi fezi. Sasa pima kwa rula kutoka ncha ya mstari mmoja hadi ncha ya mwingine. Utapata karibu sentimita 8, yaani volti 400. Hiyo ndiyo unayoipata ukiweka multimita fezi kwa fezi.

Nyuzi 120 zimetoka wapi? Ndani ya jenereta kuna koili tatu zimepangwa duara, nyuzi 360 zikagawanywa kwa tatu.

Sasa bila rula. Una pembetatu yenye pande mbili za 230 na pembe ya 120 katikati yake. Kutoka nyutro shusha mstari hadi katikati ya kitako. Ile 120 imekatika kuwa 60 na 60, na umepata pembetatu mbili za pembe mraba. Nusu ya kitako ni 230 × sin 60, ambayo ni 230 × 0.866 = 199.2. Kitako kizima ni 398.4, tunaita 400. Na sin 60 ni √3 gawanya kwa 2. Umeizidisha kwa 2 kwa sababu nusu za kitako ni mbili, ile 2 ya chini imekatwa, umebaki na √3. Kipeuo cha pili cha tatu ni 1.732.

Ukishachora mchoro huu mwenyewe, hutaikariri tena hiyo namba maishani.

mpiga_kasia_likoni:

Huku Kenya twasema 240 na 415. Nimezidisha 240 kwa 1.732 yatoka 415.7. Miaka yote nalijua namba mbili mbalimbali, kumbe ni moja. Ahsante ndugu yangu.

nesi_wa_zamu:

Uzi mzuri, naweka kambi. Mimi muuguzi, na mimi nilikuwa naikimbia hesabu mpaka kazi iliponikalisha chini. Dripu ya lita moja iishe kwa saa 8, seti inayotoa matone 20 kwa mililita. 1000 × 20 ÷ 480 = 41.67, unaweka matone 42 kwa dakika. Hiyo kila mtu wodini anaikariri. Shida inakuja mgonjwa akiwa amebakiza mililita 350, daktari anasema ziishe ndani ya saa mbili, na seti iliyopo ni ya matone 15. Anayekariri anaanza kutafuta mtu wa kumuuliza. Anayejua kwamba ni mlinganyo mmoja tu, anabadilisha namba: 350 × 15 ÷ 120, matone 44.

Nilipolizoea hilo nikaanza kujiuliza kuhusu dawa mwilini. Tunaambiwa dawa fulani nusu yake huondoka kila baada ya saa 3. Baada ya saa 9 imebaki moja ya nane, hiyo naiweza kwa vidole. Lakini baada ya saa 4 je? Hapo nilikwama. Na muda nao: nina watoto wawili na zamu za usiku. Ninachofanya ni kuandika swali moja kwenye kikaratasi naondoka nalo mfukoni. Mengine yanafunguka nikiwa kwenye daladala.

mzee_chaki:

Vijana, mimi nimefundisha fizikia na hisabati sekondari mpaka nilipostaafu. Mleta mada nakuunga mkono kwa mengi, lakini nakupinga kwa moja. Usimwambie mtu mzima amalize vitabu vyote vya hesabu ndipo aiguse fizikia. Atachoka njiani. Viende pamoja. Akifika kwenye kipeuo cha pili, mpe kamba na nati.

Ninamaanisha hivi: funga nati nzito kwenye kamba nyembamba, itundike msumarini, urefu uwe mita moja kutoka msumarini hadi katikati ya nati. Ivute kidogo pembeni uiachie. Hesabu kwenda na kurudi mara 50, ukitumia saa ya simu. Itachukua kama sekunde 100. Sasa fupisha kamba iwe sentimita 25. Hamsini zitaisha kwa sekunde 50. Urefu umekuwa robo, muda umekuwa nusu, na mtu hahitaji kuambiwa tena kipeuo ni kitu gani. Kisha mpe T = 2π√(L/g), T ni muda wa kwenda na kurudi mara moja na L ni urefu wa kamba, mwambie aitoe g. Aljebra yote ya kidato cha pili imo humo, na jibu lake likiwa jirani na 9.8, amepima mvuto wa dunia kwa kamba na nati.

Binti yangu nesi, swali lako la saa 4 ni zuri kuliko unavyodhani. Nusu inazidishwa kwa nusu kila saa 3, kwa hiyo kilichobaki ni nusu kwa kipeo cha 4/3. Kipeo si lazima kiwe namba nzima. Bonyeza 0.5, kisha alama ya kipeo, kisha 4 gawanya kwa 3 ndani ya mabano. Utapata 0.397, yaani karibu asilimia 40 ya dawa bado imo.

Na hapo ndipo mlango wa kalkulasi ulipo. Kwa nini nusu kwa nusu, na si kiasi kilekile kila saa? Kwa sababu kasi ya dawa kuondoka inafuata kiasi kilichopo wakati huo. Ikiwa nyingi inaondoka kwa wingi, ikiwa kidogo inaondoka kidogo. Sentensi hiyo ukiiandika kwa alama, umeandika mlinganyo wa kwanza ambao wanafunzi wa chuo huukuta. Waya_tatu, wewe unayo dawa hiyohiyo kwenye kabati lako la vifaa. Waoneshe kapasita, kile kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme.

waya_tatu:

Mwalimu umenishika kwenye hilo la viende pamoja, nakubali.

Kapasita ni hivi. Tafuta ya maikrofaradi 1000, ya volti 25 au zaidi, na rezista ya kilo-omu 10. Zifunge mfululizo, kamata betri ya volti 12. Angalia chanya na hasi, kapasita za aina hii ukizigeuza zinapasuka. Kabla ya kuanza gusisha miguu ya kapasita iwe tupu kabisa, weka multimita juu yake, unganisha betri na wakati huohuo anzisha saa. Rezista mara kapasita ni 10,000 × 0.001 = sekunde 10. Kila sekunde 10 zikipita, pengo lililobaki kufikia 12 linapungua na kubaki asilimia 37 hivi ya lilivyokuwa. Kwa hiyo sekunde ya 10 utasoma kama 7.6, ya 20 kama 10.4, ya 50 umeshafika 11.9. Inakwenda mbio mwanzoni, inajikongoja mwishoni, kwa sababu kinachousukuma mkondo ni pengo lenyewe. Dawa ya nesi na kapasita yangu zinaandikwa kwa mlinganyo mmoja, herufi tu ndizo zimebadilika.

Profesa Wa Mtaa:

Mnazunguka sana. Mimi nataka kwanta, fizikia ya atomu na chembe ndogo kabisa, moja kwa moja. Umri umekwenda, nina miaka 41, siwezi kurudi kuhesabu nati.

mzee_chaki:

Mwanangu, kwanta inataka namba changamano, matriki, na kalkulasi ambayo huifikirii tena mkono unapoandika. Hakuna anayekuzuia kusoma hadithi zake, ni hadithi tamu. Ila kufanya hesabu zake bila hivyo vitatu haiwezekani, kwa mwenye miaka 20 au 41. Habari njema ni kwamba namba changamano fundi anazikuta mapema, kwenye umeme wa mawimbi, akitaka kujumlisha rezista na koili.

Kuhusu umri nikupe mtu mmoja. George Green, Nottingham, Uingereza. Baba yake alikuwa mwoka mikate, na yeye shule alisoma kama mwaka mmoja hivi akiwa mtoto. Kazi yake ilikuwa kinuni, kinu cha upepo cha familia, kusaga nafaka. Mwaka 1828, ana miaka 34, alichapisha kwa michango ya watu kama 50 andiko la hisabati ya umeme na sumaku. Waliolinunua wengi wao hawakuweza kulielewa. Alipoingia Cambridge kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikuwa na miaka 40, amekaa na watoto wa miaka 18. Alifariki mwaka 1841 bila kujulikana, na baadaye William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, ndiye aliyelifufua andiko lake. Ile potenshali ambayo multimita ya waya_tatu inapima tofauti yake, ni katika andiko la msaga nafaka huyu ndipo ilipotumika kwa jina hilo na kwa hesabu zake. Sikuambii utakuwa Green. Nakuambia 41 si hoja.

Profesa Wa Mtaa:

Sawa mzee. Naanzia wapi?

mzee_chaki:

Fanya yale maswali manne ya juu, uweke majibu hapa. Bila simu.

Profesa Wa Mtaa:

Narudi kesho.

nesi_wa_zamu:

😂😂 Lile la VAT litamkamata.

kijana_wa_bodi:

Wakuu, nimefanya ya kapasita usiku huu. Betri yangu inasoma 12.0 kamili. Sekunde ya 10 nimepata 7.1, si 7.6. Nimerudia, 7.1 tena. Nimekosea wapi?

mzee_chaki:

Hujakosea. Soma pembeni ya kapasita: hizi hutengenezwa kwa kuzidi au kupungua hadi asilimia 20, kwa hiyo hiyo 1000 ni makadirio. Ungesoma popote kati ya 6.8 na 8.6 nisingeshangaa. Sasa geuza swali: tumia 7.1 yako utafute kapasita yako ni ngapi kweli. Pengo lililobaki ni 12 − 7.1 = 4.9. Gawanya kwa 12, chukua logi asili yake, ile inayoandikwa ln. Kisha gawanya −10 kwa jibu hilo.

kijana_wa_bodi:

Mwalimu, ln siioni kwenye kikokotoo cha simu.

waya_tatu:

Laza simu.

kijana_wa_bodi:

Ahaa, zimetoka nyingi! Nimepata sekunde 11.16. Kugawanya kwa omu 10,000, kapasita yangu ni maikrofaradi 1116?

mzee_chaki:

Andika 1100. Volti umesoma tarakimu mbili, hizo nyingine umezitoa wapi? Na rezista nayo ipime, usiamini rangi.